Waya wa Breki

Robi alinipigia simu asubuhi ya Jumanne kuniambia kwamba baba yake amefariki, na kabla sijamaliza kumpa pole akaniomba nifike Kegonga kumzika na, kama nitaweza, niseme machache kwa niaba ya watu aliofanya nao kazi. Kati ya watu wa gereji ya Migori, alisema, namba iliyobaki kwao ni yangu tu. Nilikubali. Basi mwezi uliopita nilisimama katika boma lao, mbele ya hema, viatu vyangu vikiwa vimeshalowa matope mekundu, nikashika kipaza sauti na kusema kwamba marehemu Mwita, ambaye gerejini tulimwita Baba Robi, ndiye aliyenifundisha kazi ya umeme wa magari. Kwamba alikuwa mtu wa kuchukua muda wake. Kwamba hadi leo, nikishika mita, huwa namsikia akiniambia nianze na kile ninachokijua. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Nilirudi kwenye kiti changu nikapewa soda, na nilipokuwa naifungua nikasikia wanaume wawili nyuma yangu wakizungumza kwa sauti ya chini. Mmoja aliuliza kama marehemu si ndiye aliyeharibu gari la mwalimu wa Homa Bay. Mwingine akasema ndiye, lakini mtu hukosea. Ilikuwa imepita miaka kumi na minane, na bado jambo lile lilikuwa limemkalia, nyumbani kwake mwenyewe, siku ya kuzikwa kwake. Niliishika ile soda mpaka ikapata joto mkononi. Sikugeuka.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka ishirini na minne na diploma niliyoipata Kisumu, na nilikuwa nimeajiriwa Migori katika gereji ya Madam Consolata, mjane aliyerithi kazi ya mumewe na kuiendesha vizuri kumshinda. Mwanamke aliyevaa ovaroli pale nilikuwa mimi peke yangu. Wateja walikuwa wakija wananikuta nimeinama ndani ya boneti, spana mkononi, na bado wananiuliza fundi yuko wapi. Mwita alikuwa amekaribia miaka hamsini. Hakuwa na cheti chochote. Kadi za kazi alizijaza kwa penseli ya seremala, herufi kubwa moja baada ya nyingine, akitamka kila neno kimoyomoyo, na mimi nilikuwa nikisimama kando nikimsubiri amalize, nikijiona mvumilivu. Saa nne tulikuwa tunakunywa chai katika chumba cha spea, tumekalia betri mbovu, na saa saba alikuwa akifungua kopo lake la nyoyo, mahindi na maharagwe ambayo alikuwa amechemsha mwenyewe asubuhi katika chumba chake cha kupanga, na kila siku akinipa kifuniko kikiwa kimejaa kabla yeye hajaonja. Nilikuwa nakula bila kushukuru sana. Nilikuwa nadhani ndivyo wazee wanavyofanya. Alikuwa akinisimulia kuhusu mke wake na mahindi yake ya Kegonga, na kuhusu Robi, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, na mimi nilikuwa namsimulia mambo niliyosoma, mengi ambayo sikuwa nimewahi kuyafanya kwa mikono yangu.

Gari la Mwalimu Oluoch lilikuja mwezi wa pili. Lilikuwa gari la michezo la zamani, la milango miwili, rangi ya maziwa, paa la turubai, na boneti ndefu kiasi kwamba lilipoingia langoni wauza mbao wa upande wa pili waliacha randa zao. Mwalimu, aliyekuwa amestaafu kufundisha fizikia, alikuwa ameachiwa gari hilo na marehemu kaka yake aliyeishi Ulaya. Halikuwa na shida ya injini. Shida ilikuwa kruzi, kile kifaa kinachoshika mwendo wa gari kwenye barabara ndefu ili dereva aondoe mguu kwenye mafuta. Kwa wengine hiyo ni anasa. Mwalimu alikuwa amepasuliwa goti la kulia, na akikanyaga mafuta kwa zaidi ya robo saa goti lilikuwa linavimba mpaka suruali inambana. Alitaka kumchukua mkewe, Mama Akoth, kumtembeza katika gari hilo: Migori, Sindo, hata Kisii, yeye mwenyewe akiendesha. Alituambia hivyo akiwa amesimama na fimbo yake, kwa haya kidogo, kama mtu anayekiri kitu cha ujana. Ukisukuma kijiti cha kruzi kilicho kando ya usukani, mshale wa spidi ulikuwa unakaa sekunde moja halafu unashuka. Hakuna fundi wa Homa Bay aliyekuwa ameweza kujua kwa nini.

Tulilishughulikia wiki tatu, katikati ya kazi nyingine. Mwita alianza na fyuzi, akaenda kwenye kijiti, kisha kebo ya spidi, kisha ile mota ndogo inayovuta kebo ya mafuta. Kila alichokikuta kizima alikiandika kwenye kadi. Mimi nilifungua kisanduku cha kruzi chenyewe, kile kinachofikiri, nikakuta nyufa kwenye risasi za ndani zinazounganisha vifaa vyake, nikazichoma upya chini ya kioo cha kukuzia. Nilijivunia kazi ile. Tulipokirudisha, mshale ulikaa sekunde mbili badala ya moja, ukashuka. Siku moja Mwalimu alituita Homa Bay ili tukalijaribu gari kwenye barabara anayoijua, na baadaye akatukaribisha kula. Nakikumbuka chumba kile vizuri: viti vyenye vitambaa vya kushona kwa mkono, kalenda ya kanisa lao la Sabato, rafu ya vitabu vya fizikia, na dirisha linaloonyesha ziwa. Mama Akoth alikuwa jikoni akisonga kuon, ugali wa kwetu, kwa mkono wa kulia, sufuria imebanwa kwa mguu, na alikuwa na nguvu za ajabu kwa mwanamke mwembamba vile. Alikuwa amesikia kwamba Mwita ni Mkuria, akatia unga wa wimbi na muhogo ili apate ugali aliouzoea. Nilikwenda kumsaidia kubeba samaki, na nikiwa mlangoni nikamsikia Mwalimu akimwuliza Mwita, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, kama huyu binti anaiweza kazi. Mwita alitafuna kwanza. "Ana mikono mizuri kunishinda," alisema. "Haraka ndiyo inamsumbua." Mama Akoth naye alikuwa amesikia. Akaniwekea kipande cha samaki chenye kichwa, akaniambia, "Nyathina, kula," yaani mwanangu, kula. Nilikula. Lakini nusu ya kwanza ya maneno ya Mwita sikuisikia kabisa siku ile. Nilisikia nusu ya pili tu, na niliibeba mpaka Migori.

Wiki iliyofuata kaka yake Mwita alifariki, naye akaomba ruhusa ya siku saba kwenda Kegonga. Kabla hajaondoka alichukua kadi ya gari la Mwalimu na kuandika mstari mmoja wa mwisho kwa penseli yake: TAA ZA NYUMA, WAYA WA BREKI. Aliniambia nisiliguse gari mpaka arudi. Alikuwa na wazo kwamba tatizo linatoka nyuma, kwenye taa, lakini hakuwa na uhakika, na hakupenda kusema kitu asichokuwa na uhakika nacho. Siku mbili baadaye Madam aliniita ofisini. Alisema anafikiria kufungua gereji ya pili, Homa Bay, na anatafuta fundi wa kuiongoza. Kisha akaniuliza, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, lile gari la Mwalimu litatoka lini. Nikamwambia Ijumaa.

Niseme waziwazi nilichokifanya, kwa sababu nimekizungushia maneno kwa miaka mingi. Kulikuwa na waya mmoja mwembamba kutoka kwenye swichi ya breki kuingia kwenye kisanduku cha kruzi. Kazi yake ni kukiambia kisanduku kwamba dereva amekanyaga breki, ili kiachie mwendo. Nilipoupima kwa mita, na mchoro niliokuwa nimeuchapisha saibakafe ukiwa mbele yangu, niliona kwamba kisanduku hakiamini kwamba breki imeachiwa. Ndiyo maana kilikuwa kinakataa kushika. Kwa nini hakiamini, sikujua. Ningeweza kusubiri siku nne nikamwuliza Mwita. Badala yake niliukata waya ule, nikaufunga upande wa kisanduku kwenye bodi ya gari, nikauzungushia tepu nyeusi. Kuanzia hapo kisanduku kingeamini daima kwamba hakuna anayekanyaga breki. Nilijua maana yake. Sikuwa nimekosea kusoma mchoro. Nilijiambia ni kwa ajili ya kujaribu tu, kisha nikampakia Madam tukaenda naye barabara ya Awendo, nikasukuma kijiti, mshale ukasimama kwenye themanini na kukaa pale kama umegandishwa. Madam hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Siku ile aliniwekea mkono begani. Niliporudi gerejini sikuufungua tena ule waya. Na Mwalimu alipokuja kuchukua gari lake nilimfundisha mwenyewe namna ya kutumia kruzi, nikamsisitizia kwamba ukitaka kuizima, izime kwa kijiti, Mwalimu, hiyo ndiyo njia bora. Alinishukuru. Alikuwa mwanafunzi mzuri, alirudia kila hatua niliyomwonyesha.

Mwita alirudi Jumatatu, amenyoa kichwa kwa ajili ya msiba. Aliniuliza gari lilikuwa na nini. Nikamwambia ni zile risasi za ndani ya kisanduku, kwamba nilizichoma tena. Akafikiri kidogo, akauliza kama nilijaribu kukanyaga breki kruzi ikiwa imeshika. Nikamwambia nilijaribu. Alitabasamu, tabasamu la mtu anayefurahi kweli, akasema, "Basi umenishinda." Siku hiyo pia alinipa kifuniko cha nyoyo kikiwa kimejaa.

Wiki sita Mwalimu aliendesha bila shida, akizima kwa kijiti kila alipokaribia mji, kama nilivyomfundisha. Kisha Jumapili moja, wakitoka Rongo kurudi nyumbani, kwenye mteremko wa baada ya Rodi, ng'ombe watatu walivuka barabara. Mtu akiona ng'ombe hatafuti kijiti. Mwalimu alikanyaga breki, gari likapunguza mwendo kidogo, halafu injini ikavuta kwa nguvu kurudisha themanini yake, yeye akizidi kukanyaga na goti lile bovu, injini ikizidi kuvuta. Aliwakwepa ng'ombe akaingia mtaroni. Yeye alipasuka paji la uso. Mama Akoth alikuwa ameweka mkono mbele kujizuia, na mkono ukavunjika kwenye kifundo vipande vipande. Ulikuwa mkono wa kulia. Walimfunga, wakampasua, wakamfunga tena, lakini vidole vyake havikuweza kukunjwa tena kushika kitu.

Gari lilivutwa mpaka kwetu, na Mwita ndiye aliyelichunguza. Mimi nilikuwa upande wa pili wa gereji nikijifanya nasafisha plagi. Nilimwona akilala chini ya dashibodi, nikaona miguu yake ikitulia, na ikabaki imetulia muda mrefu. Alipotoka hakunitazama. Alikwenda nyuma ya gari, akafungua taa za breki, akatoa balbu moja na kuiinua kwenye mwanga. Kisha akaingia ofisini kwa Madam, na baada ya muda nikaitwa na mimi. Kile kipande cha waya kilikuwa mezani, na tepu yake. Mwita alisema kwa utulivu kwamba si yeye aliyekifunga. Madam alikuwa na kadi mkononi. Akasoma kwa sauti mstari ule wa mwisho: taa za nyuma, waya wa breki. Mwandiko wa Mwita, penseli ya Mwita. Mwita akasema aliandika kile alichokusudia kukiangalia, si alichokifanya. Madam akanigeukia.

"Atieno, wewe ndiye uliyelitoa gari. Waya huu ni kazi yako?"

"Niliukuta hivyo," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Yalitoka kwa wepesi, kama jibu la mtihani niliousoma. Na baada ya kuyasema sikuweza kuyarudisha, au ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba tulikaa ofisini mle robo saa nyingine nzima na ningeweza kuyarudisha wakati wowote. Nilikuwa na diploma. Nilikuwa nimechapisha mchoro, kwa hiyo nilikuwa mtu wa kufuata mchoro. Yeye alikuwa mzee anayeandika kwa penseli ya seremala. Madam alimwambia aende nyumbani. Mwita hakupandisha sauti. Alinitazama mara moja, kisha akaanza kutazama ile kadi, kama mtu aliyeshangazwa na mwandiko wake mwenyewe.

Nilimkuta kwenye chumba cha spea akitia vitu vyake ndani ya gunia. Sijui nilifuata nini kule. Alinionyesha balbu aliyoitoa. Ilikuwa ya zile mpya za mwanga mkali, ambazo hazina uzi ndani. Kumbe mpwa wa Mwalimu ndiye aliyemletea balbu hizo kutoka Nairobi. Kwenye magari haya ya zamani, aliniambia, kisanduku hujua breki imeachiwa kwa kupitia ule uzi wa balbu. Ukiondoa uzi, hakijui tena. "Ni balbu mbili, Atieno. Zile za kawaida, zinauzwa pale ng'ambo." Alikuwa ananifundisha. Hata wakati ule alikuwa bado ananifundisha. Kisha akafunga gunia. "Siku niliporudi ungeniambia tu. Tungelifuata gari mimi na wewe, hakuna mtu angejua." Hilo ndilo neno la mwisho alilowahi kuniambia. Alipita kando yangu akatoka.

Nilipewa gereji ya Homa Bay. Niliiongoza miaka saba, nikaondoka nikafungua yangu mwenyewe mji uleule, na watu husema mimi ni fundi mwangalifu kupita kiasi, kwamba sitoi gari mpaka nimelijaribu mara tatu. Wanadhani ni sifa. Homa Bay si mji mkubwa. Nilijua siku ambazo Mama Akoth huenda sokoni, na siku hizo nilituma mtu. Mara moja nilimwona kwa mbali akinunua omena, muuzaji akimfungulia mfuko kwa sababu vidole vyake havikuweza, nikaingia kwenye duka la viatu nikakaa humo nikijaribisha viatu nisivyovitaka. Mwalimu alipofariki nilituma mchango kwa jina la gereji. Nilijifariji kwamba namheshimu kwa kukaa mbali.

Wiki moja baada ya maziko ya Mwita nilikwenda kwa Mama Akoth. Vitambaa vya viti vilikuwa vilevile, vimefuliwa mpaka maua yamefifia. Alikuwa na msichana wa kumsaidia kupika, aliyeniletea chai, na Mama Akoth akashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nilimweleza yote, kuanzia waya hadi maneno niliyoyasema ofisini. Sikulia, nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitamlazimisha anibembeleze. Alinisikiliza akitazama ziwa. Nilipomaliza alikiweka kikombe chini.

"Yule mzee alikuja hapa mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza Mwalimu alikataa kutoka chumbani. Mara ya pili mimi ndiye niliyemfukuza. Nilimwambia atazame mkono wangu."

Niliuliza Mwita alijibu nini. Akasema Mwita hakujitetea. Aliutazama mkono, kama alivyoambiwa, akasema pole, akaenda zake. Hakutaja jina langu. Nilikuwa nimekuja kutua mzigo, na nikaona nimeupeleka tu kwenye mabega mengine, ya mama wa miaka sabini na sita ambaye hakuwa na hatia, na ambaye sasa ilimbidi amkumbuke upya mtu aliyemfukuza mlangoni kwake. Nilianza kumwomba msamaha. Akaninyamazisha kwa ule mkono usiokunjika.

"Si mimi tu," alisema. "Utanipeleka Kegonga. Utasema wewe. Mimi nitakaa hapo nisikie."

Tulikwenda Alhamisi. Njiani Mama Akoth alilala kuanzia Rongo, au alifumba macho. Hema lilikuwa limeshaondolewa na kwenye ua walikuwa wametandaza mahindi, majirani wanne watano wakiyapukuchua. Robi alitupokea kwa furaha, mwanamke mrefu sasa, mwalimu wa shule ya msingi, akadhani tumeleta rambirambi. Alituketisha ndani, akamleta mama yake, mzee mwenye umbo dogo aliyejifunika shuka, akamkalisha kati yetu. Mama Akoth hajui Kikuria na wao hawajui Kijaluo, kwa hiyo ilibidi niseme kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyenyonya nayo, na ambayo haikunipa pa kujificha. Nilisema kwamba waya ule niliufunga mimi, kwamba Baba Robi hakuugusa, na kwamba nilipoulizwa nilimsingizia. Nilisema polepole, kwa sauti ndogo, macho yangu chini.

Uso wa Robi ulibadilika mara moja tu, kisha ukakaa hivyo. Alisimama, nikadhani labda anatoka nje, lakini alikwenda tu kufungua dirisha na mlango, mwanga ukaingia, na sauti za wale wanaopukuchua mahindi zikaingia pia. Akarudi akakaa kando ya mama yake na kumshika mkono.

"Rudia," aliniambia. "Sema kwa nguvu. Mama hasikii vizuri."

Nikainua kichwa. Yule mama alikuwa amenigeuzia sikio, akingoja, kwa adabu, kama mtu anayengoja mgeni amalize salamu. Nikasema tena, kwa sauti yangu yote, nikitaja jina langu na jina la mume wake, na huko nje nikasikia mikono ikiacha mahindi, mmoja mmoja, mpaka ua mzima ukanyamaza kunisikiliza.